Tamko la Augsburg la 1999: zuri, ila lisomwe pamoja na Kiambatisho chake

Kwa kikundi cha Biblia chenye Walutheri na Wakatoliki, sijaona nyenzo inayolishinda Tamko la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki, yaani jinsi Mungu anavyompokea mwenye dhambi kuwa mwenye haki. Lilitiwa sahihi Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, kati ya Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambamo KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) imo. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, Wareformu (makanisa yenye urithi wa Calvin) 2017.

Aya ziko 44. Kikundi kinachoanzia aya ya 1 huchoka kabla ya kufika penye kiini. Anzeni na ya 15: tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu. Kisha nendeni 19 hadi 39, mada saba, kila moja ikitaja kwanza yanayokiriwa pamoja, halafu maelezo ya kila upande. Watu hukimbilia maelezo ya upande wao. Basi Mkatoliki aeleze aya ya Kilutheri, na Mlutheri ile ya Kikatoliki.

Aya za 28–30 zitengewe kikao kizima, maana hapo ndipo penye mzizi. Walutheri wanasema aliyehesabiwa haki ni mwenye haki kabisa kwa sababu amesamehewa, lakini akijipima kwa sheria ya Mungu bado ni mwenye dhambi kabisa. Wakatoliki wanasema ubatizo huondoa kila kilicho dhambi kweli. Inayobaki ni tamaa ivutayo dhambini, nayo haiwi dhambi hadi mtu mwenyewe airidhie. Msiharakishe kuzipatanisha. Mada ya sheria na Injili inaweza kupitiwa haraka.

Kasoro kubwa iko kwenye nakala zinazosambazwa bila Kiambatisho, yaani maelezo ya nyongeza ya Tamko. Maneno "kwa imani pekee" hayamo katika aya ya 15. Yamo katika ya 26, kwa sauti ya Walutheri tu. Pande zote mbili huyakiri pamoja katika Kiambatisho, sehemu ya 2C. Asiyekiona atadhani Wakatoliki waliyakataa.

Aya ya 41 nayo hupewa uzito usio wake. Inasema hukumu ambazo pande hizi zilitoleana katika karne ya 16 haziyagusi mafundisho kama yalivyoelezwa humu. Haiufuti Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kikatoliki uliotoa hukumu za upande wake. Anayetarajia Meza ya Bwana ya pamoja asome aya ya 43: huduma, sakramenti na mamlaka katika Kanisa bado hayajamalizwa. Sinodi ya Missouri ya Marekani, ya Kilutheri, ililikataa Tamko.