Vigae vya njano chini ya soli: miezi yangu 14 Okayama

Jicho langu la kulia halioni kabisa. La kushoto linabagua mwanga na rangi kali, basi. Nilipohamia Okayama, Japani, nilidhani nitakuwa mtu wa kushikwa mkono. Wiki ya kwanza tu nikaenda dukani peke yangu, nikifuata vigae vya njano vilivyotandazwa njiani. Wenyeji wanaviita tenji burokku.

Lugha yake unaijua kwa siku moja. Kigae cha mistari kinakwambia endelea, fuata mistari inakoelekea. Cha vinundu kinakwambia simama: mbele kuna ngazi, kivuko au njia panda. Vinundu vimeinuka milimita 5 tu, kwa hiyo angalia viatu. Siku niliyovaa buti nene nilivipita nisivihisi, hadi fimbo iliponing'inia hewani ukingoni mwa ngazi. Tangu hapo navaa raba za soli nyembamba.

Nilichokipenda zaidi kiko stesheni. Kwenye ukingo wa platifomu, safu ya vinundu imeongezewa mstari mmoja mrefu upande wa ndani, yaani upande ulio mbali na reli. Kuna jioni watu walinisukuma nikazunguka, nikawa sijui reli iko wapi. Nikaburuza kiatu taratibu: vinundu, vinundu, kisha ule mstari. Nikajua nigeukie wapi. Moyo ulitulia palepale.

Vigae hivi vilizaliwa mji huuhuu. Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965, na tarehe 18 Machi 1967 vikawekwa barabarani kwa mara ya kwanza, karibu na shule ya wasioona. Nilikwenda pale kivukoni makusudi, nikasimama juu yake kitambo.

Kasoro zipo. Watu wanaegesha baiskeli juu ya vigae. Moja ilinichubua goti, na kibaya zaidi, nilipoizunguka nikaipoteza njia. Na kuna jengo moja waliweka vya kijivu juu ya sakafu ya kijivu, eti vipendeze. Kwa jicho kama langu, hapo hakuna kitu. Njano si pambo, ndiyo ninayoiona.

Kwa mwenzangu anayekuja huku: fimbo usiiache. Vigae vinakuonyesha njia, havikwambii kama gari limesimama. Na ukikuta baiskeli imeziba, mwambie mlinzi aliye karibu. Mimi husema kila mara, na mara nyingi wanaiondoa nikiwa bado nimesimama pale.