Ubao wa timu uliotufungia nje usiku wa kuamkia kikao

Jina siliweki, waliowahi kuutumia watautambua. Ni ule ubao wa mtandaoni wa kupangia kazi za timu: kila kazi ina kadi yake, unahamisha kadi, unaacha maoni, kila mtu anaona mwenzake kafika wapi. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kulipia ada kwa shule moja hapa Dar. Mbunifu yuko Arusha, anayejaribu programu yuko Zanzibar, mimi Sinza. Miezi mizima haukuwa na neno.

Usiku wa kuamkia kikao na mteja, malipo ya ubao yakagoma. Pesa ipo, benki tu ilikuwa na mambo yake. Wenye ubao hawakutupa hata siku moja ya kujipanga. Ubao ukageuka wa kusoma tu. Kuhamisha kadi, hakuna. Kujibu maoni, hakuna. Kupakua faili, hakuna! Michoro yetu wenyewe tunaikodolea macho kama viatu vya dirishani Kariakoo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Roboti ikanitumia maelekezo ya kubadilisha kadi ya benki. Nikajibu kadi ni nzima. Ikanitumia yaleyale. Baadaye sana akaja binadamu, eti tupande kifurushi cha juu ndipo tusaidiwe haraka. Nilipe zaidi, kwa kadi ileile mliyoikataa? Na bado akaniomba nyota za huduma yake!

Wenzetu wanaotengeneza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, yaliwakuta ya namna hii. Tangu 2002 wengi wao walikuwa wakitumia bure BitKeeper, programu ya kutunzia msimbo (maandishi yanayounda programu) na kila badiliko lake. 2005 ruhusa ya bure ikaondolewa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika Git, programu ya kazi hiyohiyo, ambayo kila mtu hubaki na nakala kamili ya historia ya kazi kwenye kompyuta yake. Nasi tunatumia Git, ndiyo iliyotuokoa. Msimbo wote tulikuwa nao. Tulichokosa ni nani alipewa nini, na mteja alishakubali lipi, na hayo ndiyo aliyokuja kuyauliza asubuhi.

Nilitaka kuwapa nyota mbili, maana kusema ukweli, watu watatu kuchora ukurasa mmoja kwa pamoja mkiwa mikoa tofauti ni raha. Sasa nikimkumbuka yule wa kifurushi, moja inawatosha. Mbunifu wetu anasema hahami ng'o, hajaona ubao mwingine mwepesi hivi kwenye simu yake. Basi tumelipia tena, mwezi mmoja tu, na kila Ijumaa napakua kila kitu. Nyota ni ileile moja.