Wellies: jina moja, buti mbili

Uingereza gambuti huitwa wellies. Mwenye jina ni Arthur Wellesley, Duke wa Wellington, mmoja wa majemadari waliomshinda Napoleon pale Waterloo mwaka 1815. Alimwagiza Hoby, fundi wake wa viatu jijini London, ambadilishie buti za Hesse, buti ndefu za kijeshi zenye asili ya Ujerumani: shada zitoke, ngozi iwe ya ndama, shingo iubane mguu. Wanaume wa mjini wakaiga. Mpira ulifuata baadaye; kiwanda cha North British Rubber kilianza Edinburgh mwaka 1856, na katika Vita Vikuu vya Kwanza kiliwatengenezea askari wa mahandaki zaidi ya jozi milioni moja.

Siku hizi jina hilo hilo huuza vitu viwili, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Buti ya mpira asilia huundwa kwa vipande vinavyobandikwa kwa mkono juu ya kalibu, kisha huokwa pamoja na salfa hadi vishikane. Ya PVC, yaani plastiki, hutoka mashineni ikiwa imekamilika. Ni nafuu, lakini baridi ikizidi hukakamaa na kupasuka pale vidole vinapokunjia. Kwa anayeshinda shambani, tunashauri mpira bila kusita. Wa kumwagilia bustani tu, PVC inamtosha.

Ukiona ukungu mweupe juu ya mpira, usikimbilie kuirudisha dukani. Ni nta na viambato vya ndani vinavyopanda juu. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya silikoni. Kinachoziua buti kweli ni kuzikausha kwenye hita. Zikilowa ndani, toa soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe yakishalowa, uziache kivulini. Dizeli ikimwagika juu yake osha papo hapo kwa sabuni, maana mpira huvimba.

Wakati wa kupima vaa soksi nene, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja. Vikiingia viwili, kisigino kitachubuka, na kwenye tope zito mguu utatoka buti ikibaki.

Ikivuja, jaza maji hadi kwenye kifundo, kausha nje, izungushie gazeti: palipolowa ndipo penye tundu. Imwage, ikauke kabisa, kwaruza kwa msasa, paka solusheni, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka cha baiskeli. Kwenye mpira kinashika. Kwenye PVC kitabanduka.