Mashine ya Juisi: Kabla Hujatoa Pesa, Angalia Matunda Yako

Haya jamani, habari zenu mlioko Kampala, Jinja, Arua, na majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka pale Busia. Leo ni mashine za juisi. Mezani hapa nina vyombo vinne: kikamulio hiki cha mkono cha machungwa, blenda ya kawaida na chujio lake, mashine ya kasi, na hii ndefu ya polepole, ambayo menyu za mikahawa ya Kololo zinaiandika kold presi, yaani kukamua bila joto, ili glasi ipande bei. Majina ya kampuni sitayataja. Ukizunguka madukani mjini utaona mashine ileile, umbo lilelile, imebandikwa nembo tofauti kila duka. Tuangalie kilicho ndani.

Mnaniuliza, "ninunue ipi?" Nami nawauliza, nyumbani kwenu mnakunywa juisi ya nini? Nyumba nyingi hapa Uganda ni pasheni, embe, nanasi, tikiti maji na machungwa. Basi tuyapitie hayo kwanza.

Tikiti maji, zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Liponde kwa mwiko juu ya chujio, juisi hiyo. Kulinunulia mashine ni kumlipa fundi akufungulie mlango ulio wazi. Pasheni nayo haipendi nguvu. Mbegu zake zikisagika zinaacha chengachenga kwenye glasi na uchungu kwa mbali. Unakata, unakung'uta ndani ya blenda, unabonyeza na kuachia mara mbili tatu ili ute uachane na mbegu, unachuja. Embe halitoi juisi, linatoa uji mzito. Blenda na maji kidogo, basi. Machungwa ya Teso, kikamulio cha mkono kinatosha. Na msiwe mnayakataa sokoni kwa sababu ya ganda la kijani. Huku kwetu usiku hauna baridi ya kutosha kuondoa ukijani kwenye ganda, kwa hiyo chungwa linaiva ndani huku nje bado kijani. Lishike mkononi. Likiwa zito kuliko ukubwa wake, chukua.

Mmeona tulipofika? Matunda manne, na zile mashine mbili za bei bado hazijawashwa.

Nanasi ndilo linaloanza kuzihalalisha. La Kayunga au la Luweero, likiwa limeiva sawasawa, lina nyuzi nyingi, na blenda inakuachia kazi ya kukamua kwa kitambaa. Lakini mashine hasa inahitajika ukifika kwenye karoti, bitiruti, tangawizi, tango na majani. Karoti ni ngumu, juisi yake imefungiwa ndani, blenda itakulazimisha uongeze maji mpaka ladha ipotee. Ukijiona ni mtu wa karoti na bitiruti kila wiki, endelea kunisikiliza. Kama wewe ni wa pasheni na embe, nunua blenda nzuri na chujio la wavu mwembamba, pesa inayobaki nunua matunda. Ndiyo hukumu yangu na sitaibadilisha kwa sababu mashine inang'aa.

Sasa hii ya kasi. Nikifungua hapa, mnaona sahani yenye meno, na kuizunguka kuna kikapu cha wavu. Sahani inakwaruza karoti, kikapu kinazunguka, kati ya mara 6,000 na 14,000 kwa dakika kutegemea mashine, juisi inarushwa nje kupitia wavu, makapi yanaruka kwenye chombo cha nyuma. Uzuri wake ni muda. Mdomo wake ni mpana, kazi ya kukata ni ndogo, jagi linajaa mara moja. Mwezi wa Ramadhani, watu wamekaa wanasubiri adhana na wewe bado una nanasi mkononi, hii ndiyo itakuokoa. Ubaya wake ni kelele, povu juu ya glasi, na makapi yanayotoka bado yamelowa. Shikeni haya, kamueni kwa mkono... mnaona? Hiyo ni juisi iliyokuwa inaenda kwa mbuzi. Majani ndiyo haiyawezi kabisa. Sukuma wiki inarushwa nje karibu ilivyoingia.

Ya polepole inafanya kazi nyingine kabisa. Ndani kuna skrubu kubwa ya plastiki ngumu, inazunguka mara 40 mpaka 100 na kitu kwa dakika. Inaponda na kubana dhidi ya wavu. Haipigi kelele, makapi yanatoka makavu, na majani inayaweza. Wauzaji watakwambia ile ya kasi inapika vitamini kwa joto. Msibabaike. Joto la dakika zile chache ni dogo. Tofauti kubwa ni hewa. Ya kasi inachanganya juisi na hewa nyingi, kwa hiyo povu linapanda, juisi inajitenga mapema na rangi inabadilika. Ya kasi kunywa palepale. Ya polepole unaweza kuiweka kwenye friji mpaka kesho, ndani ya chupa iliyojaa hadi shingoni. Mtaa wenu umeme ukikatika usiku kucha, hata hiyo usiitegemee, kamua ya kunywa leo.

Bei? Ya polepole ni mara kadhaa ya ile ya kasi. Lakini bei kubwa isiwatie kiwewe mkadhani ndiyo ubora. Marekani kulikuwa na mashine inaitwa Juicero, iliingia sokoni mwaka 2016 kwa dola 699, ina intaneti na kila kitu, na unanunua mifuko yake maalumu ya matunda yaliyokatwakatwa. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg wakaukamua mfuko ule kwa mikono mitupu, juisi ikatoka karibu ileile. Septemba mwaka huohuo kampuni ikafungwa. Dola mia saba kushindana na kiganja!

Na umeme wa Yaka, huu wa kununua tokeni kabla ya kutumia, kwa sababu najua mtauliza. Hii ya polepole ni wati 200. Ukiiwasha robo saa imekula yuniti 0.05, yaani yuniti moja inakutosha mara 20. Ile ya kasi ni wati 800, lakini inamaliza kwa dakika tano, kwa hiyo yuniti moja ni mara 15. Kwenye tokeni hakuna ugomvi hapo.

Ugomvi uko kwenye sinki. Ninyi mnaonunua, nisikilizeni hapa kuliko pote. Kitu kitakachofanya mashine ihamie juu ya kabati na kuota vumbi ni wavu. Makapi ya karoti yakikauka kwenye matundu yale, utasugua mpaka ukate tamaa. Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza wati, mwambie muuzaji aifungue yote mbele yako. Hesabu vipande. Tazama kama kuna kona ambayo kidole wala brashi havifiki. Uliza brashi iko kwenye boksi au hapana. Uliza wavu wa akiba na mpira wa kuzuia kuvuja vinapatikana wapi hapa mjini. Akikwambia "vitakuja tu, nnyabo," elewa haviji. Na ukishamaliza kukamua, kabla hujanywa, mimina maji ndani mashine ikiwa bado inazunguka, kisha ufungue na kusuuza. Ukinywa kwanza, umeshachelewa.

Mambo mengine ya dukani ni ya haraka. Soma kibandiko cha chini, kiandike volti 220 mpaka 240. Mitumba ya Japani au Marekani ni volti 100 au 120, ukiichomeka moja kwa moja hapa inaungua. Plagi iwe ya miguu mitatu ya bapa. Ya polepole iwe na swichi ya kurudisha nyuma, maana itakwama, hilo halina mjadala. Jaribu pia kuiwasha kifuniko kikiwa hakijakaa sawa. Isiwake. Ikiwaka, iache hapohapo dukani. Halafu tafuta maandishi yanayosema inaruhusiwa kufanya kazi dakika ngapi mfululizo, na uyaheshimu, mota zinakufa kwa kulazimishwa.

Haya, umefika nayo nyumbani. Anza na karoti nne, kipande kinene cha nanasi, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Osha kila kitu kwa maji safi, hata unachokimenya, kwa sababu kisu kinabeba uchafu wa ganda kuupeleka ndani. Nanasi menya, moyo wake mgumu unaweza kuingia. Ndimu na machungwa toa ganda, lina mafuta makali na uchungu. Kokwa la embe usithubutu. Weka tangawizi mapema, halafu karoti, umalizie na nanasi ili maji yake yasukume ladha iliyobaki ndani. Sukuma kwa kile kijiti chake, kamwe si kidole wala kijiko. Majani yaingize kwa zamu na karoti, na mboga ya nyuzi ndefu kama seleri ikate fupi, la sivyo zinajiviringisha kwenye skrubu. Dodo, yaani mchicha, iacheni sufuriani, ina oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe ya figo, na mwenye historia ya mawe kwenye figo ajihadhari pia na bitiruti. Kwa wengine, ukinywa bitiruti leo na kesho mkojo ukawa na wekundu, usikimbilie kliniki, mara nyingi ni rangi yake tu.

Kunywa kiasi gani? Hapa sitawapendeza. Ukikamua tunda, nyuzinyuzi nyingi unazitupa na sukari unabaki nayo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kijikoni, na linataka zote kwa jumla zibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 50. Glasi moja ya mililita 250 ya machungwa matupu ina gramu 20 na kitu, kabla hujaongeza sukari, na nawajua mnaiongeza. Glasi ndogo, pamoja na chakula, karoti na tango zikiwa nyingi kuliko nanasi. Mtoto hajatimiza mwaka, usimpe. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kwanza. Anayemeza dawa za kolesteroli au presha aulize kuhusu balungi, linagongana na baadhi ya dawa hizo. Na hizi habari za kusafisha mwili kwa kunywa juisi tupu wiki nzima, ini na figo zako zipo kazini bila hiyo.

Makapi ya karoti changanya kwenye unga wa chapati, zinatoka na rangi nzuri. Maganda ya nanasi, uliyoyaosha, yachemshe na tangawizi. Hiyo chai haihitaji mashine yoyote, na kwangu inaishinda juisi yenyewe.

Kuna aliyeuliza kama atie muwa. Hapana. Muwa unataka magurudumu ya chuma kama yale ya wauzaji wa barabarani, skrubu ya nyumbani utaivunja. Mwingine ameuliza ndizi. Mashine yoyote ya hizi itakupa uji wa ndizi uliokwama kwenye wavu. Wazee wa Buganda walishalimaliza hilo. Mbidde, zile ndizi za kukamulia, zikiwa zimeiva, na nyasi za lusenke, unakanda kwa mikono au unakanyaga kwa miguu, nyasi zinashika nyama ya ndizi na mubisi, ndiyo juisi ya ndizi, unatoka safi. Mnaotaka nirekodi hilo hatua kwa hatua, andikeni hapo chini, lakini atakayekanyaga aje mwenyewe, miguu yangu ina kazi nyingine.