Mkanda wa kumnyanyulia mbwa mwenye nyonga mbovu: miezi minne ya kuutumia

Simba wangu ni German Shepherd wa miaka 9. Kazi yake hapa nyumbani Tororo, Uganda, ilikuwa kukesha na askari. Mwaka jana akaanza kuamka kwa taabu: miguu ya mbele imeshasimama, ya nyuma bado iko chini. Akikimbia, anarusha ile ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura. Askari akasema, "Mama, huo ni uzee tu." Jirani akashauri nimpe Panadol. Namshukuru Mungu sikumpa, maana parasetamo na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa.

Daktari wa mifugo alianza na kupe, kwa sababu homa ya kupe nayo huumiza viungo mpaka mbwa akachechemea. Damu ikawa safi. Ndipo tukasafiri hadi Kampala kupiga picha ya eksirei: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga, kinachezacheza, gegedu, ule mto laini wa kwenye kiungo, limelika na baridi yabisi imeshaingia. Kwa kiasi kikubwa ni ugonjwa wa kurithi, na mbwa wakubwa kama German Shepherd, Labrador na Rottweiler ndio huandamwa nao zaidi. Yaani nilimnunua nao.

Mkanda niliagiza kwa simu kutoka duka moja la Kampala, shilingi 120,000, ukaja kwa basi. Ni kitambaa kinene chenye sponji, unapita chini ya tumbo karibu na mapaja, juu una vishikio viwili. Humbebi mbwa mzima. Unampunguzia tu uzito wa nyuma, kama mnaposaidiana kushika kikapu. Kwenye ngazi zetu tano za baraza umeniokoa kweli. Zamani nilikuwa namkumbatia kiunoni, analia yeye, nalia mimi na mgongo wangu.

Sasa malalamiko. Duka liliniuliza kilo za mbwa tu, likaniletea mkanda mkubwa uliokuwa ukiteleza hadi mbavuni. Kubadilisha kulichukua wiki mbili na nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi. Pima mzunguko wa tumbo kwa futi ya fundi cherehani kabla hujatuma hela. Na kama mbwa wako ni dume, dai ule uliokatwa nafasi katikati. Wangu haukukatwa, Simba akaukojolea siku tatu mfululizo. Velkro nayo ikiingia tope la mvua haishiki tena, na kishikio kimoja kilifumuka mwezi wa pili; fundi viatu wa sokoni alikishona kwa 3,000 na sasa ni imara kuliko kilivyotoka dukani.

Kosa langu mwenyewe: nilimwachia mkanda mwilini kutwa nzima nikidhani ninamsaidia, akapata vidonda kwenye kinena. Unavaliwa wakati wa kutembea, kisha unavuliwa.

Mkanda hautibu chochote, na muuzaji akikuambia unatibu, kata simu. Maumivu yamepungua kwa dawa ya mbwa aliyoandikiwa na daktari, ambayo tunampa pamoja na chakula, na kwa kumpunguzia mwili. Alikuwa kilo 43, leo ni 37. Lile sinia la posho, yaani ugali, alilokuwa akimaliza na mukene (dagaa) juu limekuwa nusu, na hapo ndipo ugomvi wangu na askari ulipo, maana ninajua bado anamrushia vipande usiku. Kwenye vigae vya sebuleni nimetandika mikeka ya plastiki asiteleze.

Ningeupa nyota nne kati ya tano, lakini kwa ile biashara ya saizi naupa tatu na nusu.

Jioni askari anamzungusha uani mara mbili, mkanda mkononi. Vijana wa boda pale getini wamempachika jina jipya: Mzee wa Begi.