Mkeka wa kukatia vitambaa uliodumu mezani pangu Kisumu

Katika kushona mifarishi ya viraka nimetumia mikeka miwili ya kukatia. Wa kwanza, mwembamba na mgumu, ulibaki na mifereji ambayo kisu cha gurudumu (chenye wembe wa mviringo unaozunguka) kiliifuata kila nilipokata karibu nayo, hata vipande vya kitenge vikatoka vimepinda. Wa pili una unene wa milimita 3 na umetengenezwa kwa matabaka ya PVC, aina ya plastiki, laini juu na gumu katikati. Ukipitisha kidole mahali gurudumu la kisu lenye kipenyo cha milimita 45 limepita, huusikii mkato, kwa kuwa plastiki hujifunga yenyewe. Kabla ya kulipa, pima mistari ya vipimo iliyochapwa juu ya mkeka kwa rula, kwani mistari iliyochapwa vibaya huharibu kazi yote. Ukubwa wa sentimita 60 kwa 90 unanitosha, maana kitenge cha upana wa takribani sentimita 115 kikikunjwa katikati, upana wake wote hulala juu yake.

Joto ndilo adui wake mkubwa, hasa kwetu huku ziwani: usiuache juani wala ndani ya gari, usipige pasi juu yake, na uuhifadhi ukiwa umelazwa, kwani ukishajikunja ni vigumu kunyooka tena. Harufu ya plastiki ilichukua siku kadhaa kuisha, lakini ningeununua tena.