Miezi sita na VoLTE, yaani simu ya kawaida inayopita juu ya 4G: "hawatakuja" haigeuki tena "watakuja"

Kilo kumi na tano za mchele ndizo zilizonifundisha habari za minara. Napika shughuli hapa Tanga, na oda nyingi nilikuwa napokea kwa kupigiwa WhatsApp. Mwaka jana, siku mbili kabla ya harusi, nikamuuliza mteja, "Na wale wa Pemba?" Kimya kidogo, kisha nikasikia, "Watakuja." Nikaongeza sufuria. Kumbe alisema "Hawatakuja." Ile "ha" ililiwa na mtandao. Lugha yetu nayo imeweka kukataa mwanzoni kabisa mwa neno, palepale simu inapopenda kukata.

Mtoto wa kaka yangu kazi yake ni kupanda minara. Alipokuja kunisaidia kula yale mabaki ya biriani, akanieleza. Mnara wa 4G hugawa nafasi kila milisekunde moja. Simu yenye kitu cha kutuma huomba, husubiri ruhusa, ndipo hutuma. Kikija kingine, inaomba tena. Data zote zinakwenda hivyo, na kwa mnara simu ya WhatsApp ni data tu, imepanga foleni moja na video za jirani.

Ila sauti ina mwendo wake: ukiwa unaongea, pakiti moja, kipande kidogo cha sauti, hutoka kila milisekunde 20. Ndiyo maana viwango vya LTE (jina la kitaalamu la 4G), tangu toleo la 2008, vinauruhusu mnara kumpa msemaji zamu ya kudumu. "Shangazi, ni kama yule mzee anayeletewa chai asubuhi saa nne bila kuagiza." Ukinyamaza, kikombe chako anapewa mwingine, na simu inabaki kutuma alama ya ukimya kila milisekunde 160. Shida iko kwenye kurudi. Ukifungua mdomo, mnara unatakiwa kukutoa haraka kwenye kuomba-omba na kukurudisha kwenye zamu yako. Ukijivuta, silabi ya kwanza inafika imechelewa, na simu ya upande wa pili inaitupa na kuendelea na zinazofuata. Kuiwasha zamu hiyo ni hiari ya kampuni, akasema, na kuibadilisha haraka ni ufundi.

Basi oda za hapa nchini nikazihamishia VoLTE. Kuiwasha ilikuwa kugusa kitufe kimoja kwenye mipangilio, ingawa laini yangu ya zamani ilibidi nikaibadilishe dukani kwanza. Humo ndimo zamu hiyo inapowezekana: sauti ina njia yake iliyotengwa, na mnara unaihudumia kabla ya bando la mtu.

Zamani nikipiga, 4G ilikuwa inapotea juu ya kioo, inakuja 3G, nami nasubiri mpaka nadhani vocha imeisha. Sasa inaita kabla sijaifikisha sikioni. Sauti yenyewe imepanuka: kutoka nene ya hertz 50 hadi kali ya 7,000, wakati ile ya zamani ilikuwa 300 hadi 3,400. Mteja akisema "futa" nasikia "futa".

Nilifanya na jaribio. Saa mbili usiku, wakati watu wote wako mtandaoni, wifi yangu alikaa kimya kama sekunde kumi, kisha akasema "hatutapika". Mara kumi kwa WhatsApp, mara kumi kwa VoLTE. WhatsApp ilimeza "ha" mara tatu. VoLTE haikumeza hata moja.

Nyota nne, si tano. Nikielekea Pangani 4G inaisha katikati ya maongezi na simu inahamia 3G. Kwenye viwango, mkatiko huo unalengwa usizidi milisekunde 300; mimi huwa nimeshasema "halo" mara mbili. Nikimpigia mtu wa kampuni nyingine, mara nyingi ile sauti nyembamba ya zamani inarudi. Huduma kwa wateja nao, kila ukiwauliza, "zima simu uwashe, dada."

Wateja wangu wa nje ya nchi bado ni WhatsApp, hakuna namna. Kwao nimebadilisha swali. Siulizi tena kama wageni watakuja. Nauliza sahani ngapi.